Haki ya Kusikiwa

Wazee wetu wana methali isemayo kwamba asiyekuwapo na lake halipo. Ni methali ya kweli ikiwa kazi yake ni kueleza desturi za watu, maana barazani haki hugawanywa kwa walioketi, na chakula hupakuliwa wale walionawa. Walakini jambo lililo kweli si lazima liwe la haki. Mwizi huiba, na hilo ni kweli, wala hatujamsikia mtu timamu akisema kwamba wizi ni adili kwa sababu upo. Katika insha hii nataka kuichukua methali hiyo na kuisimamisha mbele ya hakimu, na kesi yenyewe ni ya siku zetu: je, ni wajibu wa jamii kutumia mali nyingi ili mtu mmoja aliye jangwani, ziwani au msituni, mahali pasipofikiwa na mnara wa simu, aweze kuomba msaada na kusikiwa?

Zamani swali hili lisingalikuwa na maana. Mchungaji aliyevunjika mguu katika jangwa la Chalbi alipiga kelele, na kelele zake zikafa hatua chache kutoka kinywani mwake. Hapakuwa na wa kulaumiwa, kwa sababu hapakuwa na awezaye kusikia. Wajibu huzaliwa na uwezo. Hatumlaumu mtoto mchanga kwa kutobeba mzigo. Siku hizi uwezo umekuja, na wajibu umekuja nyuma yake.

Uwezo wenyewe nitaueleza kwa maneno machache. Simu ya mkononi ni redio ndogo yenye sauti hafifu, nayo huhitaji mnara ulio umbali wa kilomita chache, au makumi machache panapokuwa tambarare. Mnara nao huhitaji umeme, njia ya fundi, na mlinzi. Ili sauti ile ile hafifu isikiwe na chombo kilicho angani kilomita 500 au zaidi juu ya ardhi, kinachokwenda kasi ya kilomita 27,000 hivi kwa saa, chombo hicho hakina budi kuwa na sikio kubwa mno. Septemba 2022 kampuni ya Marekani iitwayo AST SpaceMobile ilirusha setilaiti ya majaribio yenye antena ya mita za mraba 64, yaani eneo la nyumba ndogo, na Aprili 2023 mtu aliyekuwa Texas akatumia simu ya kawaida, isiyogeuzwa chochote, kuzungumza kupitia setilaiti hiyo na mtu aliyekuwa Japani. Novemba 2022 kampuni ya Apple ilikuwa imekwisha anza kuziwezesha simu zake mpya kupeleka ujumbe wa dhiki kupitia setilaiti za kampuni ya Globalstar. Januari 2024 kampuni ya SpaceX ikaanza kurusha setilaiti zinazosema na simu moja kwa moja. Huduma hizi zina mipaka: zahitaji mbingu wazi, hazipendi paa la bati wala msitu mzito, na hazijaenea kila nchi. Juu ya mitambo sitasema zaidi, kwa kuwa vitabu vya fizikia vipo. Neno langu ni juu ya fedha na dhamiri.

Tuanze na fedha. Kwa hesabu ya watu ya mwaka 2019, kaunti ya Nairobi ilikuwa na watu zaidi ya 6,000 katika kila kilomita ya mraba. Kaunti ya Marsabit ilikuwa na watu 6. Asimamishaye mnara Nairobi hupata wateja elfu mahali ambapo mwenziwe wa Marsabit hupata mmoja, na huyo mmoja huenda akawa mchungaji anunuaye muda wa maongezi wa shilingi kumi kwa juma. Mfanyabiashara anayeukwepa mnara wa Marsabit si mtu mwovu. Amekopa mtaji, ana wenye hisa wanaomngojea mwisho wa mwaka, na ana mafundi wenye watoto wanaokula kila siku. Lakini tukimwachia yeye peke yake swali letu, jibu lake limekwisha julikana kabla hajafumbua kinywa, nalo ndilo jibu la methali.

Setilaiti imelibadili jambo hili kwa namna ambayo sidhani watu wengi wameipima. Mnara husimama mahali pamoja na kuhudumia mahali hapo. Asiyeujenga Marsabit anaweza kusema kwamba Marsabit hajafika. Setilaiti ya chini huzunguka dunia nzima kwa muda wa saa moja na nusu hivi, ikapita juu ya miji, juu ya bahari na juu ya jangwa, na haitumii mafuta zaidi kwa kupita Marsabit kuliko kupita Paris. Imekwisha fika. Mwenye setilaiti hawezi tena kusema kwamba aliye mbali yuko mbali naye, kwa kuwa kila siku humpitia juu ya kichwa chake. Swali lililobaki ni kama atapita akisikiliza, au atapita ameziba sikio kwa sababu aliye chini hakulipa.

Ipo habari ya kampuni moja ambayo yatupasa kuikumbuka kila tusikiapo kwamba soko pekee litamfikia kila mtu. Katika miaka ya 1990 kampuni ya Motorola ilisimama nyuma ya mradi ulioitwa Iridium, wa setilaiti 66 zilizowekwa angani kilomita 780 hivi, ili mwenye simu yake aweze kuzungumza popote duniani. Mradi uligharimu kadiri ya dola bilioni 5. Huduma ilifunguliwa Novemba 1998. Simu moja iliuzwa kwa dola 3,000 hivi, ilikuwa nzito kama tofali, haikufanya kazi ndani ya nyumba, na dakika moja ya maongezi ilikuwa dola kadhaa. Aliyekusudiwa kuinunua alikuwa tajiri msafiri. Lakini tajiri msafiri husafiri kutoka mji hadi mji, na mijini simu za kawaida zilikuwa zimekwisha mfikia kwa bei nafuu. Mvuvi, mchungaji na mganga wa zahanati ya mpakani walioihitaji kwa kweli hawakuwa na dola 3,000. Agosti 1999, kabla mwaka haujatimia, kampuni ilitangaza kufilisika. Palikuwa na shauri la kuzishusha setilaiti zote ziungue angani. Mwishowe zilinunuliwa kwa kadiri ya dola milioni 25 tu, na mkataba wa jeshi la Marekani ukazipa uhai. Na tangu mwaka 2020 mtandao huo umo katika utaratibu wa kimataifa wa kuokoa watu baharini.

Wengine husoma habari hii kama onyo kwa wenye fedha: usitie mali yako katika mambo ya mbali. Mimi naisoma vingine. Waliojenga Iridium walikuwa na sikio jema lakini waliliuza mahali pasipohitajika. Dhiki haina fedha mfukoni wakati inapotokea. Mtu anayezama hawezi kupatana bei. Kwa sababu hiyo kilio cha kuomba msaada hakiwezi kuwekwa katika duka moja na maongezi ya kawaida, na kila mara watu walipojaribu kuviweka pamoja, maongezi yenye malipo yalikifunika kilio.

Nitoe ushahidi, tena wa zamani, ili ionekane kwamba jambo hili halikuanza na setilaiti. Usiku wa tarehe 14 Aprili 1912 meli ya Titanic ilikuwa ikivuka bahari ya Atlantiki. Ilikuwa na redio, chombo kipya cha ajabu kwa wakati ule. Waendeshaji wake walikuwa waajiriwa wa kampuni ya Marconi, na kazi iliyoingiza fedha ilikuwa kupeleka salamu za abiria matajiri: nimefika salama, nitumie gari, nunua hisa fulani. Usiku ule salamu zilikuwa zimerundikana. Meli nyingine, Californian, iliyokuwa imesimama kwa kuzuiwa na barafu, ikajaribu kuipasha Titanic habari kwamba barafu imeizunguka. Mwendeshaji wa Titanic, Jack Phillips, akiwa katika harara ya kazi, alimwambia mwenziwe anyamaze kwa kuwa yeye ana shughuli na kituo cha Cape Race cha nchi kavu. Mwenziwe, Cyril Evans, kijana aliyekuwa peke yake katika kazi hiyo ndani ya Californian, alisikiliza kitambo, kisha yapata saa tano na nusu usiku akafunga mtambo akaenda kulala. Dakika kama kumi baadaye Titanic iligonga mwamba wa barafu.

Phillips sasa aliita kwa nguvu zake zote, na aliendelea kuita hata maji yalipokaribia. Alikufa usiku ule, wala sipendi mtu amkumbuke kwa neno lake moja la hasira. Californian ilikuwa karibu kuliko meli iliyokuja kuokoa, lakini sikio lake lilikuwa limelala. Meli iliyosikia ilikuwa Carpathia, nayo ilisikia kwa bahati: mwendeshaji wake, Harold Cottam, alikuwa anavua nguo alale, na vyombo vya kusikilizia vilikuwa bado masikioni. Carpathia iliokoa watu 700 hivi. Waliokufa walizidi 1,500.

Angalia, msomaji, mahali ilipokuwa kasoro. Haikuwa katika chombo, kwa kuwa redio ilifanya kazi, wala katika umbali, kwa kuwa jirani alikuwapo. Kasoro ilikuwa katika mpango wa watu, uliohesabu redio kuwa duka la salamu, na kusikiliza dhiki kuwa jambo la kufanywa kama nafasi ipo na kama usingizi haujaja. Mataifa yaliliona hilo. Mwaka 1914 wajumbe wao walitia sahihi London mkataba wa usalama wa maisha baharini, na mojawapo ya masharti yake ilikuwa kwamba meli fulani lazima ziwe na mtu wa kusikiliza redio usiku na mchana. Vita vya mwaka ule viliuchelewesha mkataba, lakini hoja ilikuwa imekwisha shinda. Tangu hapo hakuna baharia mwenye akili anayesema kwamba mshahara wa msikilizaji wa usiku ni hasara kwa sababu hakuna aliyezama jana.

Mfano wa pili ni mwema zaidi, na nashangaa kwamba haufundishwi mashuleni. Mwaka 1979, Marekani na Urusi ya Kisovieti zikiwa mahasimu wakubwa, kila moja na makombora yake yamemwelekea mwenziwe, zilipatana pamoja na Kanada na Ufaransa kuweka angani masikio ya kusikiliza ishara za dhiki. Mpango huo huitwa Cospas-Sarsat. Setilaiti ya kwanza ilirushwa na Warusi mwaka 1982, na Septemba ya mwaka huo huo iliisikia ishara ya ndege ndogo iliyoanguka katika milima ya British Columbia, Kanada. Watu 3 waliokolewa. Chombo cha adui wa kisiasa kiliwaokoa raia wa upande wa pili, na hakuna aliyewauliza kwanza wanafuata siasa gani au wana fedha kiasi gani. Tangu siku hiyo makumi ya maelfu ya watu wameokolewa kwa njia hiyo katika nchi nyingi. Mwenye meli au ndege hununua kifaa cha kutoa ishara, lakini kusikiwa hakulipiwi. Serikali ndizo zinazolipa, kama zinavyolipa taa za mnara wa bahari ambazo humulika chombo cha tajiri na mtumbwi wa maskini bila kutoza nauli.

Basi kama tumekubali jambo hili kwa meli na kwa ndege, kwa nini tulikatae kwa mtu atembeaye kwa miguu? Sababu niisikiayo mara nyingi ni hii: aliye mbali alichagua kuwa mbali, na si haki mtu wa mjini amlipie uchaguzi wake. Sababu hii ina sura ya haki lakini haina mifupa. Kwanza, mtoto aliyezaliwa North Horr hakuchagua North Horr, kama vile wewe hukuchagua ulipozaliwa. Pili, mjini tunakula mbuzi wa mfugaji na samaki wa ziwa Turkana, na tunawasha taa kwa umeme wa upepo uvumao karibu na Loiyangalani, bila kuona kwamba pale ni mbali mno kula vya pale. Umbali hukumbukwa inapofika zamu ya kulipa.

Tatu, na hili ndilo lenye uzito, umbali si mahali tu. Ni hali, na yaweza kumfikia yeyote usiku mmoja. Tarehe 15 Januari 2022 mlima wa moto ulio chini ya bahari ulilipuka karibu na visiwa vya Tonga, ukakata waya mmoja uliopita baharini kuiunganisha nchi hiyo na dunia. Taifa la watu 100,000 hivi likanyamaza kwa mara moja. Ndugu zao walioko ng'ambo walikaa siku nyingi bila kujua nani yu hai, na habari za kwanza zilipenya kwa simu chache za setilaiti. Waya ulitengenezwa baada ya majuma matano. Utasema Tonga ni visiwa vya mbali. Haya, mwishoni mwa Septemba 2024 tufani iliyoitwa Helene ilipiga milima ya North Carolina, katika nchi tajiri kupita zote. Mafuriko yalizoa barabara, umeme na minara, na watu waliokuwa jana na simu za thamani kubwa wakawa hawawezi kumwita jirani wa bonde la pili. Serikali yao ililazimika kutoa kibali cha haraka ili setilaiti za SpaceX, zilizokuwa bado hazijaanza biashara hiyo, zipokee ujumbe wa simu za kawaida. Hapa kwetu mafuriko ya mwaka 2024 yaliua watu zaidi ya 200 na kukata njia nyingi. Na katika kaunti za mpakani wa kaskazini mashariki minara imewahi kulipuliwa na magaidi, kijiji kikawa mbali bila kuhama. Kwa hiyo anayelipa ili Marsabit isikiwe hatoi sadaka kwa Marsabit peke yake. Anajiwekea akiba ya siku ambayo yeye mwenyewe atakuwa Marsabit.

Ipo sababu nyingine ya kupinga, na hiyo siwezi kuipita kwa wepesi, kwa kuwa husemwa na watu wema. Wao husema: kijiji kisicho na maji safi hakihitaji setilaiti. Chimba kisima, jenga zahanati, lipa mwalimu. Ukimaliza, njoo na vyombo vyako vya angani. Nakiri kwamba kama fedha ni ya chanjo na mtu ataka kuitoa kwenye chanjo aipeleke kwenye simu, mimi nitasimama pamoja na chanjo. Lakini nina maswali mawili kwa wasemao hivi. La kwanza: ni lini mji uliambiwa ungoje? Nairobi ilipata simu, taa za barabarani na viwanja vya michezo ilhali mitaa yake mingine haina maji hata leo, wala hakuna aliyesimama akasema simu zikatwe mpaka mabomba yatimie. Utaratibu wa haja moja kwanza na nyingine baadaye tunaukumbuka tukimzungumzia maskini wa mbali. La pili: hiyo zahanati iliyojengwa itamjuaje mgonjwa? Tuseme mama ameshikwa na uchungu usiku katika manyata iliyo mwendo wa siku moja kutoka kwenye barabara, na mtoto amekaa vibaya tumboni. Gari la wagonjwa lipo, dereva yupo, mkunga yupo, wote wamelipwa na kodi yetu, nao wamelala kwa sababu hawajui. Kisha asubuhi ya pili anafika kijana kwa ngamia na habari iliyokwisha kuwa habari ya msiba. Katika nchi pana, mara nyingi kinachomuua mtu kwanza ni kutojulikana. Habari ndiyo inayoipa zahanati mikono na gari miguu.

Hata hivyo wapinzani wangu wana haki katika jambo moja, nami nataka kulisema kwa sauti ile ile niliyotumia kuwapinga. Kusikiwa bila kuitikiwa ni ukatili mpya. Aliyekufa jangwani peke yake zamani alikufa akidhani hakuna ajuaye. Aliyepeleka ujumbe, akaona katika kioo cha simu kwamba ujumbe umefika, kisha akangoja siku mbili bila mtu kuja, atakufa akijua kwamba wanajua. Tusidhani hili ni jambo la kubuni. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka katika ziwa Victoria, karibu sana na gati ya kisiwa cha Ukara nchini Tanzania. Habari haikukosekana, watu waliona kwa macho yao kutoka ufukoni. Lakini usiku ulipoingia kazi ya uokoaji ilisimamishwa mpaka asubuhi. Watu zaidi ya 220 walikufa. Siku ya pili baada ya ajali fundi mmoja wa kivuko alikutwa yu hai ndani ya chombo kilichopinduka, amejificha penye hewa iliyobaki. Hapo hapakupungua sikio. Palipungua taa, wazamiaji, na mashua zilizo tayari. Kwa hiyo asemaye tutie fedha katika setilaiti na asiseme neno juu ya mashua ya Homa Bay na gari la Lodwar, huyo anauza simu tu. Kila shilingi iwekwayo katika kusikia lazima iwe na mwenziwe katika kuitikia, na nikilazimishwa kuchagua moja ya kwanza, nitaanza na ile ya kuitikia.

Wajibu huu unamhusu pia anayeita. Mwishoni mwa mwaka 2022 na mwanzoni mwa 2023 vituo vya dharura vya Marekani vilisumbuliwa na simu zilizoundwa kutambua ajali, ambazo zilijiita zenyewe wakati wenye simu wakiteleza kwa furaha juu ya theluji. Hizo zilikosa bila nia. Wapo watakaoita kwa mzaha, na kila mzaha una mtu mahali pengine ambaye gari lake limechelewa.

Imebaki habari ya nani ashike funguo. Setilaiti hizi, nyingi kabisa, ni mali ya kampuni chache za nchi moja. Mwaka 2022, katika vita vya Ukraine, ombi la kufungua huduma ya setilaiti karibu na mji wa Sevastopol lilikataliwa na mkuu wa kampuni, naye alilisema hilo hadharani mwaka uliofuata. Sihukumu kama uamuzi ule ulikuwa mwema au mbaya, kwa kuwa vita vina hesabu zake. Natazama tu kwamba ulikuwa uamuzi wa mtu mmoja asiyechaguliwa na wale walioomba. Nchi kama yetu haiwezi kumnyang'anya mtu setilaiti yake, na haina haja. Lakini haiji mezani mikono mitupu. Mkataba wa anga wa mwaka 1967 unasema kwamba matumizi ya anga yawe kwa manufaa ya nchi zote. Mawimbi ya redio juu ya ardhi ya Kenya ni mali ya watu wa Kenya, na hakuna awezaye kuyafanyia biashara bila leseni. Tena si wageni kabisa katika mambo haya: tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sherehe ya uhuru, Wamarekani na Waitalia walirusha kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, setilaiti ya kuchunguza nyota, nao wakaiita Uhuru. Pwani yetu iliwafaa kwa kuwa iko karibu na ikweta. Ikiwa ardhi yetu imewahi kuifaa anga, si aibu kuiomba anga ituwie adili.

Sharti ningalilitaka katika kila leseni ni fupi: ujumbe wa dhiki utokao katika simu yoyote, iliyo na fedha au isiyo nayo, ya mteja wa kampuni yoyote, upokewe bila malipo na upelekwe mara moja kwa wenye kuokoa. Si sharti geni. Apigaye 999 au 112 hatozwi kitu, na sheria yetu imekwisha ziamuru kampuni za simu zichangie mfuko wa kupeleka huduma mahali pasipo na faida. Sehemu ya mfuko huo iende kwenye vituo vya kupokea ujumbe, na vituo visiwe vyote Nairobi. Awepo mtu macho usiku na mchana, kama mataifa yalivyoamua mwaka 1914, na mtu huyo ajue Kiturkana au Kiborana au Kigabra pamoja na Kiswahili, maana mwenye maumivu husahau lugha za shuleni. Mashine itampa nambari za latitudo na longitudo. Yeye ndiye atakayejua kwamba nambari hizo ni kisima cha ukoo fulani, kwamba njia ya kukifikia haipitiki mvua inyeshapo, na kwamba upande wa pili wa mlima yupo mwalimu mwenye pikipiki ambaye anaweza kutangulia kabla gari halijafika.